Mapenzi ya Watu wa Kawaida

Tangu hadithi zilipoanza kusimuliwa, mapenzi yamekuwa mgeni asiyekosekana ndani yake. Lakini mgeni huyo aghalabu huvishwa mavazi yasiyo yake. Kijana hupanda milima saba na kuua joka, binti hufungiwa ndani ya kasri, na siku ya arusi ndiyo ukurasa wa mwisho wa kitabu. Msomaji hufurahi, hufunga kitabu, kisha hutazama nyumba aliyomo. Humwona baba akitafuta miwani yake na mama akihesabu fedha za sukari, akajiuliza kama wawili hawa nao walipata kupendana. Hapana shaka walipendana, na yamkini wangali wakipendana; ila hadithi hazikumpa macho ya kuyatambua mapenzi ya namna hiyo.

Mchezo wa kuchekesha wa televisheni hudharauliwa na watu wengi wenye elimu. Huonekana kuwa kitu cha kupitishia jioni, kama njugu za kutafuna. Walakini mchezo wa namna hii una mali moja ambayo tamthilia ya jukwaani haina, nayo ni muda. Tamthilia humalizika kwa saa mbili au tatu. Mchezo wa televisheni hurudi wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, na watu wale wale, katika vyumba vile vile, wakiwa na tabia zile zile. Mtazamaji huwajua wahusika kama anavyowajua majirani. Mwandishi akiutumia muda huo vyema, aweza kuonyesha jambo lililo gumu kuonyeshwa kwa saa tatu: jinsi mapenzi yanavyoota polepole, yanavyokomaa, yanavyougua na kupona. Nitalieleza jambo hili kwa mfano mmoja, nao ni Jim Halpert na Pam Beesly katika mchezo wa Kimarekani uitwao The Office.

Asili ya mchezo huu ni Uingereza. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliutunga kwa ajili ya BBC, ukaonyeshwa kati ya mwaka 2001 na 2003, na ndani yake walikuwamo Tim na Dawn, wafanyakazi wawili wa kampuni ya karatasi waliopendana pasipo kuambiana. Greg Daniels akauhamishia Marekani, ambako ulionyeshwa na NBC tangu Machi 2005 hadi Mei 2013, kwa misimu 9. Mahali pake ni Scranton, mji wa Pennsylvania uliosifika zamani kwa makaa ya mawe, katika tawi la kampuni ya kubuniwa inayouza karatasi. Hapana kasri hapa, wala bustani ya waridi. Pana meza, simu, mashine ya kunakili, na meneja mwenye maneno mengi kuliko busara. Jim, aliyechezwa na John Krasinski, ni mwuza karatasi asiyeipenda kazi yake. Pam, aliyechezwa na Jenna Fischer, ni karani wa mapokezi ambaye moyo wake umo katika kuchora picha. Zaidi ya hayo Pam ana mchumba, Roy, mfanyakazi wa ghala iliyoko chini, na uchumba wao una miaka 3 bila ya siku ya arusi kutajwa.

Jambo la kwanza linalotuvuta kwa wawili hawa ni kwamba mapenzi yao hujengwa kwa vitu vidogo. Katika kipindi kimoja cha msimu wa kwanza Jim anapoteza mteja mmoja ambaye kila mwaka humpatia sehemu kubwa ya mapato yake. Dwight, mfanyakazi mwenzake, amemnyang'anya. Siku nzima imeharibika. Kisha, katika mkutano mrefu wa kuchosha, usingizi unamshinda Pam na kichwa chake kinaegemea bega la Jim. Jim hasemi neno, wala hasogei. Kipindi kinapokwisha anatwambia kwamba siku yake haikuwa mbaya. Tazama jinsi mwandishi alivyotumia mizani. Upande mmoja ameweka fedha nyingi, upande wa pili ameweka kichwa cha mtu aliyelala, akatuacha tujionee wenyewe upande uliozidi uzito. Mwandishi dhaifu angalimpa Jim hotuba. Huyu amempa bega, na bega limesema vya kutosha.

Vivyo hivyo mambo mengine. Siku moja wawili hao wanabuni michezo ya kuwachangamsha wenzao ofisini, na medali zinatengenezwa kwa mifuniko ya vikopo vya yogati. Ni takataka tu. Kwingine kokote zingetupwa. Lakini karibu miaka miwili baadaye Jim anapokwenda New York kuhojiwa kwa ajili ya cheo kikubwa, anakuta katikati ya makaratasi yake mfuniko ule, pamoja na barua fupi ya Pam ya kumtakia heri. Mtu aliyeanza kuutazama mchezo siku hiyo haoni kitu ila kipande cha karatasi ya kung'aa. Aliyeufuata tangu mwanzo huona miaka miwili ya urafiki. Hii ndiyo faida ya muda niliyoitaja: kitu kisicho na thamani hupata thamani kwa sababu watu wawili wamekikumbuka, na mtazamaji amekikumbuka pamoja nao.

Mfano ulio bora kupita yote ni buli. Katika kipindi cha Krismasi cha mwaka 2005, wafanyakazi wanapeana zawadi kwa kura, na jina la Pam linamwangukia Jim. Anamnunulia buli la chai, kisha analijaza vikorokoro ambavyo maana yake waijua wao wawili tu, na juu yake anaweka barua yenye siri ya moyo wake. Meneja anavuruga mpango. Zawadi zinaanza kunyang'anywa huku na huku, na Pam anaondoka na iPod, chombo cha muziki chenye thamani kubwa kuliko zawadi nyingine zote. Baadaye, kwa hiari yake, anakibadilisha kwa buli. Hapo Jim, kwa woga, anaichomoa ile barua na kuificha mfukoni. Barua hiyo haionekani tena mpaka Mei 2013, karibu na mwisho wa mchezo, Jim anapompa Pam ambaye sasa ni mke wake na mama wa watoto wake. Pam anaisoma. Sisi watazamaji hatusomewi hata neno moja. Waandishi waliingoja barua hiyo zaidi ya miaka 7, nao walipoifungua walikuwa na adabu ya kutotufungulia sisi. Yako mambo ya mume na mke ambayo jirani, hata akiwa rafiki, hayamhusu.

Jambo la pili ni namna mchezo ulivyopigwa picha. Waandishi wanatutaka tuamini kwamba ofisi hii imetembelewa na watengenezaji filamu wanaochunguza maisha ya wafanyakazi. Kwa hiyo hapana vicheko vilivyorekodiwa vya kutuelekeza wapi pa kucheka, na kamera hutazama kama mtu atazamavyo: hunyemelea nyuma ya mapazia, huchungulia mlangoni, huchelewa, hugeuka ghafula. Mara nyingi humnasa Jim akimtazama Pam wakati ambapo Pam hana habari. Mapenzi yanayoungamwa kwa maneno yaweza kuwa ya uongo, kwani ulimi hufundishika. Jicho lisilojua kwamba linatazamwa halidanganyi. Basi sisi tunayajua mapenzi haya kabla ya wenyewe kuyakiri, kama vile kijiji kinavyojua habari za vijana wake wawili kabla ya wazee kutuma posa.

Uzuri wa mbinu hii unadhihirika Mei 2007, mwishoni mwa msimu wa tatu. Pam ameketi peke yake mbele ya kamera akieleza kwa utulivu kwamba yeye na Jim hawakujaliwa. Mlango unafunguliwa. Jim, aliyerudi mbio kutoka New York, anamwuliza kama ana nafasi jioni wakale chakula pamoja. Pam anakubali, Jim anaondoka, mlango unafungwa. Pam anaigeukia kamera, macho yamejaa machozi ya furaha, naye amesahau swali aliloulizwa. Hayo ndiyo yote. Hapana kukumbatiana wala ngoma. Watazamaji waliongoja miaka miwili na ushei walipewa mwaliko wa chakula cha jioni, nao wakaona wamepewa dunia.

Jambo la tatu ni kwamba mchezo hauwafichi wapenzi hawa gharama ya mapenzi. Mei 2006 Jim anamwambia Pam kwamba anampenda. Pam, mwenye mchumba na arusi iliyokaribia, anamkatalia. Jim anahamia tawi la Stamford katika jimbo la Connecticut. Pam anavunja uchumba wake, lakini sasa Jim ana mpenzi mwingine, Karen. Kwa muda mrefu kila mmoja anafika mlangoni pa mwenzake wakati mlango umefungwa. Ujasiri wa Pam haukuja kwa siku moja. Anajifunza kuishi peke yake, anaonyesha picha zake hadharani ingawa wenzake karibu wote hawaji kuzitazama, na mwishowe, katika matembezi ya ofisi ufukoni mwa ziwa, anakanyaga makaa ya moto na kusema mbele ya wote ukweli alioumeza mwaka mzima. Karani aliyekuwa akinong'ona amepata sauti. Mapenzi yanayomkuza mtu hivi yana haki ya kusifiwa.

Lakini katika hadithi nyingi za kuchekesha hapa ndipo pangekuwa mwisho. Mwandishi huogopa ndoa. Hudhani kwamba watu wakisha kuoana hawana tena la kutupa, kama muwa uliokwisha kutafunwa. The Office ilithubutu kuendelea. Jim anamposa Pam katika kituo cha petroli, mvua ikinyesha, kwa kuwa hapo ndipo katikati ya Scranton na New York, ambako Pam alikuwa akisomea usanifu wa michoro, na Jim hakuweza kungoja zaidi. Oktoba 2009 wanafunga ndoa karibu na maporomoko ya Niagara. Shela ya Pam inachanika, analia. Jim anachukua mkasi na kuikata tai yake nusu, ili wote wawili wawe wameharibikiwa sawasawa. Sijui tafsiri bora ya ndoa kuliko tai ile iliyokatwa. Jim hakuweza kuishona shela. Aliweza kukataa kuwa nadhifu peke yake.

Kisha ikaja misukosuko. Katika msimu wa mwisho Jim anaingia katika kampuni mpya ya mambo ya michezo huko Philadelphia, na kwa muda anamficha mkewe jambo hilo. Anakaa siku kadhaa za wiki mbali na nyumbani, na Pam anabaki na kazi, watoto wawili na nyumba. Katika kipindi cha Januari 2013 binti yao anacheza dansi mbele ya wazazi. Jim hayuko, Pam anakosea kuipiga picha ya video, na kwa simu wanateta kwa maneno makali. Sababu ya ugomvi ni ndogo, na ndiyo maana tunaiamini. Watu wanaopendana hawateti juu ya falme. Huteta juu ya simu isiyopokelewa na ahadi iliyosahauliwa. Simu inakatwa, Pam analia, na mfanyakazi mmoja wa wale wapiga filamu anashindwa kuvumilia, anaacha kazi yake na kumfariji. Ajabu ya tendo hili ni kwamba kwa miaka yote hiyo waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa hawaonekani. Huzuni ya mke huyu imekuwa nzito hata ukuta kati ya mtazamaji na mtazamwa umebomoka.

Wako watazamaji waliochukizwa na msimu huu. Walisema kwamba walikuja kucheka, na kwamba wawili hawa walikuwa wamepata haki ya kupumzika. Naielewa kauli hiyo, lakini siikubali. Mapenzi yaliyopendwa kwa kuwa ya kweli hayawezi kudaiwa yawe ya uongo pindi yanapouma. Na uponyaji wao ni wa kweli vile vile. Siku moja Jim anaondoka kwenda Philadelphia, amesahau mwavuli. Pam anamfuata nao. Jim anamkumbatia. Mikono ya Pam mwanzoni imelegea, haijui ifanye nini, nasi tunakumbushwa siku ya arusi yao na maneno ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 13, yaliyosomwa siku hiyo. Polepole mikono inapanda na kushika. Sekunde chache zile zina mafunzo mengi kuliko arusi nzima, kwa sababu siku ya arusi mikono hukumbatia yenyewe, bali siku hii ilibidi iamue.

Wakenya hawana haja ya kwenda Marekani ili kuijua nguvu ya ndoa inayofanana na kweli. Katika Vitimbi, mchezo wa televisheni yetu ya taifa, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mzee Ojwang, na Mary Khavere akawa Mama Kayai. Walibishana na kununiana, nao wakawachekesha wazee na watoto. Watu wengi waliamini kwamba wachezaji hao ni mume na mke hasa, ilhali sivyo. Tena imani hiyo haikuletwa na maneno matamu. Ililetwa na ubishi. Watazamaji waliutambua ubishi ule, kwani walikuwa nao majumbani mwao.

Baada ya sifa, haki yadai lawama, kwa maana mhakiki anayesifu tu ni mpambe. Lawama yangu ya kwanza inamhusu Karen. Huyu ni mwanamke mwema na mwerevu, naye alihama mji kwa ajili ya Jim. Siku ya ule mwaliko wa chakula aliachwa New York, na mchezo unataka tushangilie bila kumfikiria. Furaha yetu imelipiwa na mtu mwingine, na bei yake imefichwa chini ya meza.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa yaweza kuwapotosha vijana. Jim alinunua nyumba ya wazazi wake iwe maskani yao bila ya kumwuliza Pam, na mchezo ukaliita jambo hilo zawadi. Miaka michache baadaye aliingia katika biashara bila ya kumwambia, na hilo mchezo ukaliita kosa. Katika kipindi cha mwisho Pam naye anaiuza nyumba ile ile kwa siri, ili mumewe aweze kuifuata kazi aliyoiacha kwa ajili yake, na mchezo unaliita tena zawadi. Lakini matendo yote matatu yametoka shina moja: mmoja ameamua jambo la wawili. Nia njema haibadili jina la tendo. Ajabu ni kwamba waandishi wenyewe walikuwa wametuonyesha, kwa machozi ya Pam, madhara ya siri katika nyumba. Kisha katika dakika za mwisho wakaipamba siri na kuipa shada la maua. Hapa mchezo uliusaliti ukweli wake kwa ajili ya kumaliza kwa shangwe.

Kijana atazamaye asichukue funzo hilo. Katika filamu, jambo la kushtukiza ni tamu, maana sisi watazamaji tunajua kwamba mwisho utakuwa mwema. Katika maisha hakuna aandikaye mwisho kabla. Nyumba hununuliwa kwa deni la miaka mingi, na deni hilo hulipwa na wawili. Anayependa na aulize. Kuuliza hakupunguzi mapenzi. Ni njia ya kumwambia mwenzako kwamba naye ana akili na neno la kusema.

Basi siri ya Jim na Pam ni nini? Si uzuri wa sura, maana televisheni imejaa nyuso nzuri zilizosahauliwa. Si maneno, kwani walisema machache. Mvuto wao umo katika kusikiliza na kukumbuka: mfuniko wa yogati, buli, bega lisilosogezwa, tai iliyokatwa. Kila walipoangaliana kwa makini, mapenzi yao yalisitawi, nasi tuliyaamini. Kila mmoja alipoacha kumwangalia mwenzake akaanza kuamua peke yake, mapenzi yaliugua, hata pale ambapo waandishi hawakutaka tuuone ugonjwa. Kwa kipimo hicho mwanafunzi aweza kuupima mchezo wowote atakaoutazama. Asiulize kama wapenzi wanafaana kwa sura, wala kama arusi yao ilipendeza. Aulize kama mmoja anajua mwenzake anywa chai yake vipi, anaogopa nini, na alitamani kuwa nani kabla maisha hayajambana. Wanaoyajua hayo wamependana, hata wakiteta kila siku juu ya fedha za sukari.